Pumzi Mia na Ishirini

Dirisha la duka la dawa, hatua chache toka mnara wa saa,
lina kitundu kama cha kuungamia.
Kila mwezi nainama hapo na jina la mama:
Anansia Ndekirwa, miaka sitini na sita, mapafu.
Swaumu anagonga kibodi, anangoja mtandao,
na mtandao unapanda Moshi kwa miguu.
"Ya bluu ipo," ananiambia. "Ya zambarau haimo."
"Haimo wapi?"
"Kwenye kifurushi chake."

Ya bluu ni ya kuzima moto.
Ya zambarau ndiyo ya kuzuia usiwake.
Bima yake ya bei ndogo inalipia moto tu.

Nimejifunza lugha mpya ukubwani.
Kifurushi: nilidhani ni kitu cha kufungua.
Kibali: karatasi inayoondoka bila nauli ya kurudi.
Mchangiaji ni mimi, tangu nipate ajira hii.
Mtegemezi, eti, ni yeye,
tuliyemwegemea watoto watano
kama mgomba wenye mkungu unavyoegemea mti wa panda.

Miaka thelathini alichemsha ndizi za mbege
kwenye pipa lililokatwa nusu, kuni mbichi, paa fupi.
Ada yangu ya kidato cha kwanza ilinuka moshi.
Mhasibu aliinusa noti
kisha akaihesabu.

Sasa fomu ya kazini iko mezani, Kiborloni, taa inapepesa.
Kadi hii inalipia zote mbili, nimeuliza mara tatu.
Lakini mistari ya wategemezi ni minne.
Haikaeli. Terevaeli. Kitinda mimba wetu, Ndeshi.
Mstari mmoja umebaki, na mama ni wawili:
wangu na kifua chake,
na Nakijwa, mama wa mume wangu, na presha yake.
Mume wangu alinisogezea kalamu,
akatoka kwenda kufunga geti
lililokuwa limefungwa.

"Andika mkweo," akasema mama toka kwenye kochi.
"Mimi moshi nimeuzoea,
wa jikoni na wa mjini."
Akacheka. Kicheko kikakatika katikati,
akakaa akikisubiri kirudi.

Nikaichukua pampu ya zambarau,
ile niliyoinunua taslimu, mwezi wa ada, nikimficha bei.
Mgongoni ina kidirisha, na kidirishani tarakimu.
Ilianza mia na ishirini.
Asubuhi moja, jioni moja, siku ishirini:
ilipaswa kusoma themanini.
Ilisoma mia moja na tisa.

"Mama."
"Siku nikiwa mzima, ya nini kuivuta?"
"Daktari alisema kila siku."
"Sukari nayo tuliikunja hivihivi," akasema,
"ukasoma."

Sikupata jibu. Hata sasa sina.
Mtu aliyelea kwa kubania
utamwambiaje kwamba pumzi haiwekwi akiba,
kwamba ya leo isiyovutwa haikungoji kabatini?

Mume wangu akarudi, simu sikioni,
anaongea Kipare na kaka yake aliyeko Same.
Kumbe shemeji ana kadi kama hii,
na fomu yake ina mistari miwili mitupu, mwaka wa nne huu.
Hakuna aliyemuuliza.
Sisi tulidhani anajua, yeye alidhani tumeshamwandika.
Usiku kucha tungegombania mstari mmoja
na miwili imelala bure ng'ambo ya milima.

Nikaandika: Anansia Ndekirwa. Uhusiano: mama.
Sehemu ya uhusiano ilikuwa fupi,
kama vidole viwili.

Kadi itatoka, wamesema, kwa muda wa kawaida.
Sijui kawaida ya nani.
Swaumu kaniahidi kuniwekea moja kando,
nilipe nusu Ijumaa.

"Vuta sasa," nikamwambia.
"Leo ni mzima."
"Vuta, mama."
Akafunga midomo, akabonyeza.
Nikasikia hewa ikibisha hodi kifuani,
ikinyimwa,
ikibisha tena.
Kidirishani tarakimu ikajivuta polepole:
mia moja na nane.
Akaitazama kama mtu aliyevunja noti kubwa
kununua kitu kidogo.