Wiki ya Vyuma Baridi

Bado hawajatuwashia joto.
Ofisi ya majengo inasema subirini, baridi haijafika kiwango,
basi tumeketi jikoni kwa Wiesława na makoti yetu,
mlango wa tanuri wazi, ukitupumulia magotini.

Hiyo ni Jumatano. Jana yake hatukukutana,
maana Lidka alikuwa analia, na si kwa jambo kubwa:
mashine ya kufulia imemfia na shuka tumboni.
Lakini shuka zilizolowa zina uzito wake,
unazivuta, zinakuvuta,
na hapo ndipo mtu hukumbuka
miaka yote aliyonyamaza.
Tukazikamua ngazini, yeye juu, mimi chini,
tukisokota kila mtu upande wake,
hadi Bwana Zenon wa ghorofa ya pili
akatoka kimya, akafungua mwavuli, akashuka zake.

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Teofila kaja na kikapu cha uyoga wa msituni,
anaukwangua udongo na kuutaja mmoja mmoja
kama mwalimu anayeita majina asubuhi.
Mmoja kauweka kando.
"Huyu simjui," akasema,
na asiyemjua haingii chunguni mwake.
Paka wake naye karudi, baada ya siku nne,
kanona kuliko alivyoondoka.
Kumbe bwana ana nyumba ya pili!

Kijana wa Wiesława kapiga simu kutoka Oslo:
mwaka huu haji kuwasha mishumaa kaburini kwa baba yake.
Tiketi, kazi, tiketi.
Alitueleza huku akipasua plamu,
kokwa zikidondoka bakulini, ta, ta,
na hakuna aliyesema pole.
Lidka alimsogezea tu kisu chenye makali zaidi.

Alhamisi jemu ikaungua.
Tukaokoa ya juu, tukaandika kwenye chupa:
"Ya moshi. Kwa wageni."

Na mimi? Mimi nilisema dirisha langu linavuja.
Nikalieleza dirisha hilo kwa kirefu,
fremu yake, mbao zake, fundi asiyekuja.
Sikusema neno juu ya bahasha ya hospitali
iliyolala tangu Jumatatu chini ya kopo la sukari.

Ijumaa ilikuwa zamu ya jikoni kwangu.
Teofila akanyanyua kopo.

Hakuuliza. Akaiweka mezani katikati ya plamu,
akafuta kisu kwa aproni, akanipa kwa upande wa mpini.
"Mficha maradhi..." Lidka akaanza,
Wiesława akamkanyaga mguu.
Nikasema, tumalize plamu kwanza.
Nao, Mungu awaweke, wakamaliza plamu kwanza.
Kilo tano. Sijapata kuona tunda lenye kokwa nyingi vile.

Mwishowe akafungua Lidka, mwenye miwani.
Alisoma midomo ikimchezacheza, bila sauti,
akarudi mwanzo, akasoma tena,
nami nikatazama doa la zambarau gumbani mwangu.
"Miezi sita," akasema.
"Urudi baada ya miezi sita. Kwa sasa hawajaona kitu."

Kwa sasa.
Maneno mawili, mlango umeegeshwa tu, haukufungwa.
Wiesława akaniuliza sukari nimeiweka wapi,
kwani imeshikwa mkononi mwangu,
kopo zima, nimelikumbatia kama mtoto.

Usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane,
mabomba yakakohoa ukutani. Go. Gogo. Go.
Nilidhani mwizi. Nikaweka kiganja kwenye chuma:
vuguvugu, kama shavu la aliyelala.
Kutoka chini mtu akagonga bomba kwa kijiko, mara tatu.
Nikatafuta kijiko gizani,
nikapata mwiko wenye masizi ya jemu,
nikajibu.

Asubuhi shuka za Lidka zilikuwa zimekauka,
kavu kama mbao,
zikinuka vumbi lote la mwaka jana.