Mizani, Chumba Namba Nne

Vua kandambili, Somoe. Panda.
Mshale unatetemeka, unatulia:
thelathini na sita, kwa miaka kumi na mitano.
Naandika kwa penseli; wino nauogopa.

"Anakula vizuri," mama ajibu kabla sijauliza.
"Ming'oko hapa Newala haijatuishia."
Baba ana stakabadhi za korosho mkononi,
anazikunja, anazikunjua.
Somoe anatazama kalenda ya mwaka juzi.

Nauliza: nani hupakua?
Nani huwa wa mwisho kunawa?
Kimya. Kisha Chande, mdogo wake, kamasi puani:
"Dada tonge lake huwapa kuku.
Husema ameshiba. Kama mama."

Kama mama.

Kitenge kinavutwa, kinafungwa upya.
Anacheka kidogo; yeye huonja jikoni,
mpishi hashindi njaa, sista, si unajua.
Najua. Kwangu na mimi huonja jikoni.

Simwambii binti, "Kula."
Nageuza ukurasa, nachora safu ya pili,
ya tatu, na ya baba pembeni.
"Mama Somoe," nasema, "vua viatu."

Mshale ule ule unaanza kutetemeka.
Somoe ameiacha kalenda.
Anausoma.