Kitako

Kitambaa ni kipande cha kanga ya Nyamizi,
kimechakaa hadi jina lake limebaki "usini—".
Nachovya kwenye nta ya mzinga wangu wa Ipole,
nasugua kufuata nyuzi za mti, si kinyume.

Mti wenyewe siujui.
Mninga ningeutambua kwa harufu,
mkurungu hata gizani.
Huu umevuka bahari, haujaonja Desemba ya Sikonge,
ndiyo maana naunywesha kidogo kidogo
kama mgeni asiyezoea maji ya kisima.

Gobore la babu lilikuwa na kitako cheusi
kwa jasho la shavu.
Yeye hakupaka kitu ila uso.

Na hapa, kovu tayari:
karia ya baiskeli, siku ileile ya kuinunua,
kwenye matuta ya Tutuo.
Sikulijaza. Nalipaka nta, nalo ling'ae.

Nyamizi anasonga ugali, anauliza,
"Kibali cha kuwinda kimetoka?"
Bado.
"Basi leo tunakula mng'aro."

Nageuza kitako kwenye mwanga wa koroboi:
nauona moto wa jiko ndani yake,
na sufuria ya maharage.