Ujumbe Huu Umefutwa

Saa tano usiku, Kiboriloni, umeme umekatika,
kidole gumba changu peke yake kilikuwa na mwanga.
Nilikuwa nimeshasali. Naomba hilo lijulikane:
nilikuwa nimeshasali, magoti bado yana alama za mkeka,
ndipo nikaandika kwenye kikundi cha kwaya:
"Sare hatuzioni, ila mweka hazina kaezeka nyumba."
Nikabandika na kikatuni kinachocheka mpaka machozi.

Tiki mbili. Zikawa za buluu.
Watu arobaini na watatu wakasoma,
wanane wakacheka,
mmoja akaandika "Bwana atusaidie"
kisha akausambaza.

Mambo ya moto nayajua, nimezaliwa chini ya mlima.
Mrina asali mmoja akizembea na mwenge wake
msitu huwaka wiki nzima
nasi tunautazama toka stendi, tukinunua karanga.

Kulipopambazuka neno langu lilikuwa limefika Himo,
limepanda Marangu bila nauli,
limeingia bwenini kwa Aikande, mtoto wake,
kidato cha pili.

Jumanne fundi akaleta risiti.
Vitambaa vililipiwa zamani, vimekwama mpakani Holili.
Na bati? Bati ni mkopo wa vikoba.

Nikabonyeza, nikafuta.
Simu ikaandika kwa upole: Ujumbe huu umefutwa.
Kama kaburi lisilo na jina,
kila apitaye anauliza nani kalala pale.

Jumapili nimeshika bahasha, foleni inasogea,
sauti ya pili wanaimba bila mimi.
Mzee wa kanisa akaninyooshea kapu.
Miguu ikagoma.
Nikatokea mlango wa pembeni na bahasha yangu.

Nilitafuta kwenye simu kitu cha kumpelekea.
Kuna ua, kuna njiwa, kuna viganja vilivyounganishwa.
Isale hakuna.
Nikapanda hadi mpakani mwa kihamba cha babu,
nikakata jani lenyewe, likiwa na umande,
nikalibeba mkononi hadi Majengo
na kila aliyeniona alijua:
huyu ana deni lisilolipika kwa fedha.

Haikaeli alikuwa anachambua mchele.
Alilipokea kwa mikono miwili, kama ipasavyo.
Akalisimamisha kwenye bilauri ya maji, dirishani.
"Nimekusamehe," akasema, akaurudia mchele wake.
Baadaye sana, bila kuinua macho:
"Ila ulinivua nguo mbele ya watu arobaini na watatu,
umekuja kunivika tukiwa wawili."

Basi ni saa tano tena, na umeme upo.
Naandika jina lake. Naandika kosa langu.
Nafuta "lakini".
Nafuta "kama kuna aliyekwazika".
Na huko, kwenye vioo vyao, wasiolala
wanaliona jina langu, na chini yake
neno dogo linatokea, linapotea:
anaandika…

anaandika…