Kabla Hujapanda Ngazi

Kula kwanza.
Nalitanguliza hili hata kabla ya salamu
kwa sababu Bwana Mchopa wa Tandika alikuja tumbo tupu,
akidhani ni kama kupima sukari,
na sindano ya tatu haijatulia, akapauka kama uji wa muhogo.
Chapati moja yatosha.

Jengo ni lile la Upanga lenye duka la miwani chini.
Ghorofa ya pili. Lifti usiisubiri.
Vaa dera, lile la kushindia nyumbani ndilo hasa,
au suruali pana,
maana goti lako litatafutwa, na kiwiko,
na pahali kwenye unyayo ambapo hata mumeo hapajui.

Kwenye fomu usidanganye.
Una mimba, andika mimba, hata kama mama mkwe kakaa kando.
Unameza vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, sema.
Una kifaa kifuani cha kusaidia mapigo ya moyo, sema mara mbili.
Na dawa ya presha usiiache,
eti leo naenda kwa Mchina.

Daktari wetu si Mchina.
Ni Atuganile Mwasomola, mzaliwa wa Tukuyu,
kasoma huko miaka sita,
na akijigonga kwenye kona ya meza
bado hulaani kwa Kinyakyusa.

Sindano haina tundu, haina dawa ndani.
Nyembamba, unaweza kuipoteza kwenye shuka jeupe.
Itoke kwenye pakiti mbele ya macho yako;
usipoiona ikifunguliwa, uliza.
Inauma? Mwanzo kama siafu aliyeghairi.
Kisha uzito, ganzi,
kama mguu uliokaliwa mkekani tangu hitima ianze.
Ikichoma kweli, usijikaze. Hakuna zawadi.

Umeme ukikatika, lala vilevile.
Feni itasimama, utasikia mtaa mzima ukiwasha majenereta.
Mama mmoja wa Kigogo aliinuka
akaja mpaka mezani kwangu, sindano kumi na moja kichwani,
nungunungu kamili,
akaniuliza: wamekata kote, au ni hapa tu?

Mara moja haitoshi, utaambiwa sita.
Bima nyingi hazilipi; wapigie kabla.
Usiuze kitu.

Mimi nilikuja na nusu ya uso.
Niliamka Vingunguti asubuhi ya mvua,
jicho la kushoto halifumbi,
chai inachuruzika kidevuni kama kwa mtoto.
Jirani akasema ni upepo.
Mwingine akasema jini, na akamtaja aliyemtuma.
Nilikwenda hospitali kwanza, nawe uanzie huko,
nikapewa vidonge, nikaambiwa nisubiri.
Kusubiri nikakusubiria hapa,
Jumanne na Ijumaa, macho darini.
Wiki ya tano nilipuliza njiti ya kiberiti
ikazimika.

Zilikuwa sindano? Vidonge?
Au ni siku tu, zilizokuwa zikipita zenyewe?
Nilimuuliza Dokta. Akatazama dirishani,
kule wanakoanika mashuka,
akasema: Sijui, Siwazuri.
Siku hiyohiyo nikaomba kazi.

Ukimaliza, kaa kidogo kwenye benchi,
usidandie bodaboda na kichwa chepesi.
Maji yamo kwenye ndoo ya kijani.
Kesho ukiona alama ya bluu mkononi, itaondoka.
Ukiona homa, au pumzi inakatika,
usinipigie mimi, kimbilia hospitali.

Lingine, nilitaka kulisahau.
Ukiingia nitatabasamu.
Upande wa kushoto huchelewa kidogo.
Usidhani ni dharau.