Ikipata Joto

Anzor ameileta kwa gia ya tatu pekee, toka Marneuli,
theluji imegandamana kwenye bampa,
na kabla hajavua kofia amekwisha nitajia ugonjwa:
"Giaboksi imekufa, Tsiala. Kule wamesema ing'olewe.
Nimeshapata mtu wa kununua mizabibu ya baba."

Vua kofia kwanza. Keti.
Mgonjwa hatangaziwi kifo mlangoni.

Skana ikanipa msimbo mmoja: solenoidi ya gia ya pili.
Lakini msimbo si hukumu. Msimbo ni jirani
aliyesikia kishindo ukutani,
hajui nani kampiga nani.

Nikamwaga oili, nikainusa. Nyekundu bado, haijaungua.
Kwenye sumaku ya sampu, vumbi laini,
mvi za chuma, si vipande.
Klachi basi nikaziacha na amani yake.

Nikaishika solenoidi kwa ncha mbili za mita:
omu kumi na tatu. Nzima.
Nikaitia umeme wa betri: ta.
Nikakata, nikatia: ta.
Mlio mdogo, kama mtu anayepasua mbegu kwa meno.

Anzor akaitazama mita, akanitazama mimi,
akautazama mlango.

Vazha, aliyeniachia karakana hii na madeni yake,
alikuwa na neno moja kwa kila kitu kilichojibu vizuri:
Muulize tena akishapata joto.
Kwenye baridi, alisema, hata mwizi ni mtu wa heshima.

Nikaitumbukiza ndani ya oili, ndani ya sufuria,
juu ya jiko tunalochemshia chai.
Tukangoja. Hatukuwa na la kuzungumza.
Kumi na tatu. Kumi na nne na nusu.
Kumi na sita,
halafu mita ikafuta namba zote.

Nikaitoa ipoe: kumi na tatu, kwa uso mkavu.
Nikairudisha motoni: hakuna.
Uzi wa shaba, mwembamba kuliko unywele, umekatika humo ndani;
ukipoa ncha zinagusana, ukipata moto zinaachana.

"Lari themanini," nikamwambia. "Na oili mpya."

Hakucheka. Alikuwa ameshashika simu,
anamtafuta yule mtu wa mizabibu.
Ikaita.
Nikafuta mikono, nikazima jiko.
Ikaita.
Sufuria ile ni ya mama mkwe wangu, Guliko,
na jioni ataitafuta.