Foleni

Tandahimba, ofisi ya chama cha msingi, korosho zimeiva.
Kompyuta ya zamani, kisogo kama gunia,
inasema: imechapishwa.
Printa, chumba cha pili, kimya.

Nje, wakulima wanasubiri stakabadhi.
Ndani ya kioo foleni nyingine:
karatasi arobaini na moja, hakuna inayosogea.

Nimezima, nimewasha. Nimepuliza vumbi.
Dereva nimemfuta, nikamrudisha.
Somoe wa mizani anachungulia: "Bado?"
Bado.

Kumbe Machi ile, umeme ulipokatika,
printa ilihama anwani bila kuaga,
na hili zee, miezi saba,
linabisha hodi kwenye nyumba tupu.

Naandika anwani mpya, tarakimu kwa tarakimu.
Chumba cha pili kinakohoa.

Ya kwanza kutoka si stakabadhi.
Yah: Ombi la ruhusa ya kumuuguza mama.
Chilumba, karani aliyenitangulia,
yule tuliyemwachisha kwa utoro.
Alisema aliituma.
Tulicheka.

Somoe anazoa zilizobaki, anakimbia nazo dirishani,
anaita: Nantumbo! Mkwanda! Bi Sikudhani!
Foleni inasonga.

Mimi nimeshika hii moja.
Bado ina joto.